Wimbo umesikilizwa mara 42,000, mfukoni hakuna hata shilingi

"Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Tanga, naimba bongofleva yenye vionjo vya taarabu. Nina nyimbo tatu mtandaoni, nazipandisha kupitia msambazaji wa nje anayelipwa kwa mwaka. Wimbo wa tatu ulipotoka, kijana mmoja wa Instagram aliniambia atanipromoti kwa shilingi 150,000, nikamlipa. Ndani ya siku tisa ukafika mara 42,000 Spotify, nikaposti kwa furaha. Mwezi uliofuata nikapata barua pepe kwamba wimbo umeondolewa na pesa imezuiwa. Nikiangalia takwimu, wasikilizaji karibu wote wako Frankfurt, na mimi sina hata ndugu Ujerumani. Video ya wimbo wa pili imetazamwa mara 61,000 YouTube, wale ni watu wa kweli kabisa, lakini ina dai la hakimiliki kutoka kwa mtu wa nje kwa sababu biti prodyuza wangu aliishusha huko huko YouTube. Sasa kuna lebo ya Dar wanataka nisaini miaka saba, wao 70 mimi 30. Wanasema watanisajilia nyimbo zote COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, maana wimbo usiposajiliwa si wako. Nimebakiwa na laki tatu. Nisaini? Au muziki wa mtandaoni ni wa wenye hela tu? Mama anasema nirudi gengeni."

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa hiyo laki na nusu. Naisema pole mapema kwa sababu hiyo hairudi, na sitaki usome jibu lote hili ukisubiri niseme itarudi.

Umeuliza mambo mengi, ila mimi nasikia swali moja: wimbo unapochezwa, pesa inatoka wapi na inakwenda kwa nani? Ukilielewa hilo, kijana wa Instagram, mwenye biti na hao wa lebo watajipanga wenyewe mbele ya macho yako, nawe utajua nani wa kumjibu nini. Nimefanya kazi ya kusambaza muziki mtandaoni miaka 11, na wasanii walioniletea kesi kama yako hawakukosa kipaji. Hakuna tu aliyekaa nao chini akawaonyesha bomba linapita wapi.

Nianze na Frankfurt. Mji ule ni moja ya vituo vikubwa kabisa duniani vya kuunganishia intaneti, una majengo na majengo yaliyojaa kompyuta za kukodi. Kijana wako hakuupeleka wimbo kwa Wajerumani. Alinunua, au alinunua kwa mtu aliyenunua, muda wa kompyuta hizo, zikafunguliwa akaunti nyingi za bandia, nazo zikaucheza wimbo wako sekunde thelathini na kitu kisha zikaruka. Kwa nini thelathini na kitu? Kwa sababu Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30. Mashine haina haja ya kusubiri kiitikio.

Shida ya mashine ni kwamba haiachi nyayo za binadamu. Watu 42,000 wangeusikia wimbo wako kweli, baadhi wangeuhifadhi, wengine wangelitafuta jina lako na kusikiliza zile nyimbo mbili za kwanza, wachache wangekufuata Instagram, na hapakosi mmoja wa kuuliza "huyu dada ni wa wapi?" Linganisha na ile video ya YouTube. Umesema mwenyewe wale ni watu wa kweli. Ulijuaje? Nina hakika ni maoni: kuna wanaokusifia, kuna anayesema unaimba puani, kuna aliyeandika jina la mtaa wake. Msambazaji na Spotify wanaangalia hayo hayo uliyoyaangalia, ila kwa hesabu.

Na wana sababu ya kuwa wakali. Hapa ndipo wengi tunapokosea, tukidhani kila wimbo unaposikilizwa kuna bei maalumu inayolipwa, kama nauli ya daladala. Haiko hivyo. Pesa ya waliolipia na ya matangazo hukusanywa kwanza kwenye bakuli, kisha bakuli hugawanywa. Nikupe mfano wa kubuni, namba zake nimejitungia: tuseme mwezi huu Watanzania wamelilipa jukwaa fulani jumla ya shilingi milioni 90. Jukwaa linabaki na theluthi moja hivi, milioni 60 zinakwenda kwa wenye haki. Kama mwezi huo nyimbo zote kwa jumla zilisikilizwa mara milioni 20, basi kila mara moja ni shilingi tatu. Wimbo wako ukisikilizwa mara 5,000, fungu lako ni shilingi 15,000, kabla ya makato ya msambazaji na gharama za kutuma.

Kutokana na hapo utaona mambo mawili. Kwanza, anayesikiliza akiwa Norway au Canada huingiza zaidi kuliko anayesikiliza akiwa Chumbageni, kwa kuwa bakuli la kule linajazwa na watu wanaolipa ada kubwa zaidi. Pili, usikilizwaji wa bandia hauongezi chochote bakulini. Unachota tu. Mara 42,000 za mashine zilikuwa zinakwenda kuchota fungu la wasanii wengine, nawe hukujua. Ndiyo maana tangu 2024 Spotify humtoza faini msambazaji au lebo kwa kila wimbo unaokutwa umejaa usikilizwaji wa bandia. Msambazaji wako naye anakuogopa. Ana wateja maelfu kwa maelfu, hana muda wa kukuuliza kama ulijua au hukujua, na mkataba uliobofya "nakubali" bila kuusoma unamruhusu kuuondoa wimbo na kuizuia pesa. Huko Marekani, Septemba 2024, waendesha mashtaka wa serikali walimfungulia kesi mtu mmoja wa North Carolina wakidai alivuna zaidi ya dola milioni 10 kwa nyimbo zilizotengenezwa na akili bandia na kuchezwa na roboti. Wewe huko mbali na hilo kama Tanga na mwezi, lakini ujue ni biashara ya namna gani uliyoigusa.

Ufanye nini sasa? Mwandikie msambazaji kwa ukweli. Mwambie ulimlipa mtu wa matangazo bila kujua, ambatanisha risiti ya malipo na picha za mazungumzo yenu, taja tarehe, omba walau akaunti yako na nyimbo mbili zilizobaki zisiguswe. Wimbo unaweza kurudi, unaweza usirudi. Nimeona yote mawili. Ila usiupandishe upya kwa jina jingine ili kuwazunguka, maana rekodi yako ina alama zake kwenye mitambo yao na ukikamatwa mara ya pili hutaaminika tena. Na kuanzia leo, mtu yeyote anayekuahidi idadi, elfu kumi, elfu hamsini, milioni, anakuuzia mashine. Mtangazaji halali anakuahidi kazi: nitaweka tangazo hili, kwa watu wa umri huu, wa mikoa hii, kwa siku hizi. Idadi hawezi kukuahidi kwa sababu hajui watu wataipenda kazi yako au la.

Hata hivyo usivunjike moyo na Spotify kiasi cha kuikimbia, wala usiiweke kwenye bajeti ya chakula. Tangu mwanzo wa 2024 wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa kwa upande wa rekodi. Kwa msanii anayeanza, mlango huo ni mwembamba. Boomplay na Audiomack zina wasikilizaji wengi wa kwetu, na Mdundo ya Kenya humpa mtu wimbo bure na kuupachika tangazo ndani. Kote huko pesa ni ndogo kwa kila msikilizaji na ripoti huchelewa miezi miwili hadi mitatu. Atakayekwambia anaishi kwa hayo tu akiwa na nyimbo tatu, muulize kazi yake nyingine ni ipi.

Tuje kwenye video, maana pale ndipo penye mali yako.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na melodi, ambao hata ukiimbwa na kwaya bila ala bado upo. Halafu kuna masta, yaani ile rekodi iliyotoka studio. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, au vikawa na wenyewe tofauti kabisa. Msambazaji wako wa mtandaoni anakukusanyia pesa ya masta. Pesa ya utunzi hupita njia nyingine, kwenye vyama vya kukusanya mirabaha. Zamani kidogo, enzi za kanda, mwimbaji alikuwa anakwenda Kariakoo na masta yake mkononi, anapewa fungu la pesa mara moja, anarudi nyumbani. Kanda ziuzwe elfu au laki, yeye alishamaliza. Wengi walidhani wameuza kanda kumbe wameuza kila kitu.

Kwenye wimbo wako wa pili, maneno na melodi ni vyako, lakini masta imejengwa juu ya biti ya mtu mwingine. Huyo mtu wa nje alipoisajili biti yake kwenye mfumo wa YouTube unaotambua sauti, unaoitwa Content ID, mfumo uliisikia ndani ya video yako na kuiwekea dai. Dai si onyo. Onyo la hakimiliki ni jambo zito, matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli. Dai ni jepesi zaidi: video inabaki, watu wanaitazama, ila pesa ya matangazo inakwenda kwa aliyedai. Kwa hiyo chaneli yako haijaharibika. Umepanga nyumba ya mtu bila kumwambia, naye anakata kodi.

Prodyuza wako atakwambia biti ilikuwa imeandikwa "ya bure". Rudini mkasome maelezo chini ya ile video. Mara nyingi bure maana yake ni bure kama hutafuti pesa nayo, na ukitaka kuuza unanunua leseni, ambayo kwa nyingi nilizoziona huwa kati ya dola 20 na 50. Leseni za bei hiyo zina mipaka: idadi ya watazamaji, muda, na karibu zote zinakukataza wewe kuisajili rekodi hiyo kwenye Content ID, kwa sababu biti ile ile wameuziwa watu wengine mia.

Una njia mbili na zote ni halali. Ya kwanza, mwandikie mwenye biti, nunua leseni, mtumie kiungo cha video na risiti, mwombe aondoe dai. Wengi huondoa ndani ya siku chache, maana hiyo ndiyo biashara yao. Ya pili ndiyo ninayoipenda mimi, hasa kwa mtu wa Tanga anayeimba vionjo vya taarabu. Urekodi upya. Mji wako ndio uliozaa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, alivyoimbia Shakila. Bado wapo wazee na vijana hapo wanaopiga fidla, gambusi na kodiani harusini kwa malipo ya kawaida. Biti ya kushusha inakufanya usikike kama watu mia wengine walioishusha. Fidla ya jirani yako haiko kwa mtu mwingine yeyote, na masta itakayotoka itakuwa safi, haina mtu wa nje ndani yake.

Lakini kabla hamjabonyeza kitufe cha kurekodi, karatasi. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: jina la wimbo, nani ametunga maneno, nani melodi, asilimia ngapi kila mmoja, na masta ni ya nani. Jumla iwe 100 kwa utunzi na 100 kwa masta. Majina kamili, namba za simu, sahihi, tarehe, kila mtu apige picha. Kama mpiga fidla analipwa siku hiyo na basi, andikeni hivyo. Watu wanaona aibu kutoa karatasi mbele ya marafiki. Aibu hiyo ya dakika tano nimeona ikigeuka ugomvi wa miaka. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipandisha albamu ya mzee mmoja bila kuandika majina ya watunzi wake, kwa uvivu tu, na ilinichukua karibu miaka miwili kuirekebisha pesa iwafikie wenyewe. Mmoja alikuwa ameshafariki.

Hilo linanifikisha kwa watu wa lebo, na neno lao la kwanza nalikataa moja kwa moja. Si kweli kwamba wimbo usiposajiliwa COSOTA si wako. Hakimiliki inazaliwa siku unapoutunga wimbo na kuuweka kwenye maandishi au rekodi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba haki haitegemei usajili wowote. Usajili ni ushahidi, na ni ushahidi mzuri, hasa siku mtu akiuiba wimbo au mkifika mbele ya sheria. Kwa hiyo sajili, lakini nenda mwenyewe, kwa jina lako. Lebo ikikusajilia, angalia sana jina litakaloandikwa kwenye nafasi ya mwenye haki. Na usichanganye na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa: kule unasajiliwa kama msanii ili ufanye kazi zako kihalali. BASATA haitoi umiliki wa wimbo.

Sasa hiyo 70 kwa 30. Kila anayeniuliza habari za mkataba huanza na asilimia, na mimi huwa naziacha mwisho. Asilimia 30 ya nini? Ya pesa yote inayoingia, au ya kinachobaki baada ya lebo kujirudishia gharama za video, mavazi, mafuta ya gari na chakula cha meneja? Nimesoma mikataba ambayo ukiipigia hesabu kwa uaminifu, msanii anaanza kulipwa baada ya wimbo wa tano kuvuma, kama kuna wa tano. Je, fungu lao linagusa mtandaoni tu, au na shoo, matangazo ya biashara, hata pesa ya harusi ya jirani? Masta za miaka hiyo saba ni za nani mwaka wa nane? Zile tatu ulizokwisha kuzitoa zinaingizwa humo? Na ukitaka kutoka katikati, unatokaje, kwa bei gani? Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2019, na Rayvanny mwaka 2022, gumzo kubwa mitaani lilikuwa gharama ya kuvunja mkataba. Wale walikuwa na nyimbo za kulipia gharama ya kutoka. Wewe una laki tatu.

Sisemi lebo ni wezi. Lebo nzuri inakupa vitu ambavyo laki tatu haivinunui: studio isiyokuhesabia saa, watu wanaojulikana redioni na kwenye televisheni, mtu wa kukupigania malipo ya shoo ili wewe usionekane mkorofi. Kwa msanii aliyekwama mkoani bila mtu anayemjua, hiyo ni thamani. Kinachonipa shaka kwenye hawa ni kwamba, kwa ulivyoeleza, wametaja wanachochukua na hawajataja wanachotoa. Waulize kwa maandishi: mtarekodi nyimbo ngapi kwa mwaka, video ngapi, kwa bajeti ipi, na msipotimiza nafanyaje? Kama hawana jibu la maandishi, umeshajibiwa. Kama wanakutaka kweli, wape pendekezo la kati: nyimbo tatu mpya, miaka miwili, wanazitumia kwa leseni na si kwa kununuliwa, muda ukiisha masta zinarudi kwako. Lebo iliyokuona kama msanii itakaa mezani kujadili. Iliyokuona kama samaki itakasirika.

Na hapa ndipo ushauri wa maandishi kama huu unapofika kikomo. Mkataba wa miaka saba hausainiwi kwa kusoma makala. Mpelekee wakili aliyesajiliwa, uso kwa uso, na nakala yote mkononi. Kusomewa mkataba na kushauriwa mara moja ni gharama ndogo kuliko miaka saba ya mkataba mbaya. Ukikataliwa kupewa nakala ya kwenda nayo nyumbani, au ukaambiwa "saini leo, kesho nafasi ina mtu", ondoka. Kama kuna mtu ameshasajili wimbo wako kwa jina lake, hilo pia ni la wakili na ofisi ya COSOTA. Usilipeleke kwenye maoni ya Instagram.

Laki tatu ningeitumia hivi. Kwanza ningeangalia ile video ya 61,000. Tukikadiria kila mtu alitazama dakika mbili na nusu, hizo ni zaidi ya saa 2,500. YouTube inataka watu 1,000 waliojiunga na chaneli na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12 ndipo ianze kukulipa pesa ya matangazo. Kwa hiyo, kama saa hizo ni za mwaka huu, umepita nusu ya safari bila kumlipa mtu. Rekodi upya ule wimbo wa pili na fidla, mjipige video wakati mnarekodi, kwa simu nzuri ya kuazima na mwanga wa asubuhi, na upandishe kama toleo jipya. Watu wanaoupenda wimbo tayari wapo. Vipande vya sekunde ishirini vya kiitikio vipeleke TikTok, lakini hakikisha wimbo umefika huko kupitia msambazaji, ili watu wakiutumia sauti iwe na jina lako na isiwe "sauti halisi" ya mtu aliyeurekodi kutoka kwenye spika.

Siku YouTube ikianza kukulipa, jaza fomu ya kodi ya Marekani inayokuja nayo. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo watakata asilimia 30, ila kwa pesa iliyotoka kwa watazamaji walioko Marekani tu. Usipojaza, wanaweza kukata hata kwenye pesa ya Handeni. Angalia pia mapema pesa itakufikiaje: kuna njia za malipo za nje ambazo kwa akaunti ya Tanzania zinakuruhusu kutuma bila kupokea.

Lakini pesa ya karibu zaidi iko kwenye arusi. Nimewaona waimbaji wa kiwango chako wakitunga wimbo wenye jina la bibi harusi na bwana harusi, ukaagizwa WhatsApp, ukalipiwa nusu kabla kwa simu na nusu wimbo ukitumwa. Sendofu, kicheni pati, arobaini ya mtoto. Wimbo mmoja wa namna hiyo unaweza kukupa kuliko Boomplay ya miezi sita, na Waswahili walioko Muscat, Dubai, London na Toronto wanaoa na kuolewa kila wiki, wakitamani sauti ya nyumbani. Video yako yenye 61,000 ndiyo tangazo lake: weka namba ya biashara, si ya kwako ya nyumbani, kwenye maelezo ya chini kila mahali.

Na usidhani kinachosikika kimkoa hakivuki. Singeli ilikuwa muziki wa vigodoro vya uswahilini Dar ambao wengi waliucheka. Mwaka 2017 lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka Sisso Studio ya Dar, na watu wa Ulaya ambao hawajui neno moja la Kiswahili wakaununua Bandcamp, mahali ambapo mtu hulipia albamu nzima na jukwaa huchukua asilimia 15. Baada ya hapo madijei wa studio hiyo wakapanda ndege kwenda kupiga. Hawakuulegeza muziki wao ufanane na wa watu. Tamasha la Sauti za Busara pale Zanzibar nalo hupokea maombi ya wasanii mtandaoni, na sharti lao ni kupiga laivu. Mwimbaji mwenye fidla halisi nyuma yake anaweza kuomba. Mwenye biti ya kushusha hawezi.

Umeuliza kama mtandao ni wa wenye hela tu. Wenye hela wanafika haraka, hilo ni kweli na sitakudanganya. Wananunua video, wananunua kiki, wananunua muda wa redio. Ila wewe una watazamaji wa kweli 61,000 ambao hukuwanunua, na huyo mwenye hela kuna siku anawatamani.

Kuhusu mama: rudi gengeni. Rudi asubuhi, fungua, uza nyanya zako, na saa kumi jioni ufunge uende kwa mpiga fidla. Msanii mwenye kodi ya mwezi huu mfukoni anasoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho.